Mlango Unaofunguka kwa Nje: Shule ya Sekondari Salama na Jumuishi katika Lamu

Langoni ni sehemu ya kusini ya mji wa kale wa Lamu, na kilichoitofautisha na Mkomani, sehemu ya kaskazini, ni historia, kwa kuwa Mkomani ndiko zilikojengwa nyumba nyingi kubwa za mawe za waungwana, ilhali Langoni palikaliwa zaidi na watu waliotoka nje ya kisiwa, wakiwamo Wabajuni, Washihiri na Wangazija, ambao wengi wao waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sifa zilizoupatia heshima hiyo, yaani vichochoro visivyopitika gari, nyumba zilizobanana na maisha yanayotegemea bahari, ndizo hizohizo zinazoamua jinsi mtoto wa hapo anavyofika shuleni, anavyosoma, na anavyoweza kuokolewa likitokea la kutokea. Kwa sababu hiyo Lamu ni mahali pazuri pa kueleza maana ya shule ya sekondari iliyo salama, jumuishi na rafiki kwa mtoto, kwani masharti yaliyoandikwa mbali hujaribiwa hapo na maji, umbali na njia nyembamba.

Shule rafiki kwa mtoto ni dhana iliyoenezwa na UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, tangu miaka ya 1990, na mwongozo wake wa mwaka 2009 uliijenga juu ya misingi mitatu: kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi wa shule, kwamba wanafunzi, wazazi na jamii washirikishwe katika kuiendesha, na kwamba mtoto yeyote asiachwe nje kwa sababu ya jinsia, ulemavu, dini, umaskini au asili yake. Shule jumuishi ni ile inayojirekebisha ili impokee mtoto alivyo, badala ya kumtaka mtoto abadilike ndipo apokewe. Na shule salama ni ile inayomlinda mtoto asidhurike kwa moto, jengo bovu, maji, mgeni, mwalimu wala mwanafunzi mwenzake. Mara nyingi mambo haya hutenganishwa, usalama ukaachiwa mafundi na askari, ujumuishi ukaachiwa walimu wa elimu maalumu, na urafiki ukachukuliwa kuwa ni upole wa tabia tu, lakini yaliyotokea Kenya katika miongo mitatu iliyopita yanaonyesha kwamba moja likikosekana mengine nayo hayasimami.

Urithi wa Riyadha

Wazo la kuwafundisha waliokataliwa si geni Langoni. Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia Lamu Habib Swaleh bin Alawi Jamalilail, sharifu mwenye asili ya Ngazija, ambaye alianza kuwafundisha watu ambao jamii ya wakati huo, iliyogawanyika kwa matabaka, haikuona kuwa wanastahili elimu ya juu ya dini, wakiwamo watumwa na wazao wao. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake The Sacred Meadows kilichotoka mwaka 1974, alieleza jinsi jambo hilo lilivyozusha mvutano na wakubwa wa mji, kwa kuwa elimu ilikuwa mojawapo ya alama zilizomtenga muungwana na asiyekuwa muungwana. Msikiti wa Riyadha na chuo chake, vilivyotokana na kazi hiyo na ambavyo vimo Langoni hadi leo, vilikuja kupokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na Maulidi yanayosomwa hapo kila mwaka yamekuwa mkusanyiko mkubwa wa mji mzima.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu inaonyesha kwamba ujumuishi una gharama na una wapinzani, nao ni wale waliokuwa wakifaidika na mpango wa zamani, na pia kwamba haukuletwa pwani na wafadhili wa karne ya 21. Hata hivyo urithi pekee hauwezi kuiendesha shule ya sekondari ya leo, yenye mamia ya vijana, mabweni, maabara, jiko kubwa na vyoo, ambayo mwanafunzi wake huenda anaishi siku na siku mbali na wazazi. Katika shule kama hiyo nia njema haina budi kugeuzwa kuwa vipimo, zamu, daftari na mtu wa kuulizwa.

Bweni, nondo na ufunguo

Usiku mmoja wa Machi 1998 moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu iliyopo Mazeras, pwani ya Kenya, na kuwaua wasichana 26. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Katika misiba yote miwili madirisha yalikuwa na nondo na njia za kutokea, zote au baadhi, zilikuwa zimefungwa, hivyo vitu vilivyowekwa ili kumzuia mwizi asiingie na mwanafunzi asitoroke ndivyo vilivyowazuia watoto wasijiokoe. Mwaka 2017 wasichana 10 walipoteza maisha katika Shule ya Wasichana ya Moi jijini Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 wakafa katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri.

Baada ya misiba ya mwanzo, Wizara ya Elimu ilitoa mwaka 2008 mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, ambao masharti yake mengi ni mepesi kiasi kwamba mzazi yeyote anaweza kuyakagua kwa futi ya kupimia. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Pawe na mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Mitungi ya kuzimia moto iwekwe karibu na milango. Wanafunzi wawili wasilale kitanda kimoja. Na wahesabiwe kila siku. Sharti la mlango kufunguka kwa nje lina sababu inayoeleweka kwa urahisi, kwa kuwa watoto wengi wakiukimbilia kwa hofu mlango unaofunguka kwa ndani, miili ya walio nyuma huwasukuma walio mbele, na uzito huo wenyewe ukaufunga mlango usiweze kuvutwa.

Ugumu umekuwa katika utekelezaji. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya elimu ya sekondari ya kutwa mwaka 2008, na ilipotilia mkazo tangu mwaka 2018 kwamba kila aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani walipata nafasi, jambo ambalo ni ushindi wa ujumuishi, lakini pale ambapo majengo hayakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, vitanda vilisogezwa vikagusana na njia ya katikati ikapotea. Hapo inaonekana jinsi misingi inavyotegemeana, maana kumwingiza mtoto shuleni bila kumtayarishia mahali pa kulala ni kumtoa katika hasara moja na kumtia katika nyingine. Kwa Lamu jambo hili lina uzito wa ziada, kwani magari makubwa ya zimamoto hayawezi kupita katika vichochoro vya mji wa kale, na katika visiwa vya mbali msaada wa nje hauwezi kufika ila kwa chombo cha majini. Shule iliyopo mahali kama hapo yapaswa kujihesabu kuwa ndiyo zimamoto yake yenyewe, iwe na maji ya akiba, mchanga, mitungi iliyokaguliwa, na mazoezi ya kutoka bwenini usiku, si mchana peke yake.

Kiboko, siri na wajibu wa kusema

Hatari nyingi zinazomkabili mwanafunzi hazina moshi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Kenya mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walipatwa na aina fulani ya ukatili kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za shule mwaka 2001, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 53 ikampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili na adhabu zinazomdhalilisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo kwa maana yake ya kisheria inajumuisha pia sekondari, ikaharamisha adhabu ya mwili na mateso ya akili, ikiweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Wapo wazazi na walimu wanaoitetea bakora kwa methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye, na hoja yao haifai kupuuzwa, kwa sababu nyuma yake pana hofu ya kweli kwamba mtoto asiyerudiwa atapotea, hasa katika pwani ambayo kwa miaka mingi imesumbuliwa na heroini na dawa nyingine za kulevya. Lakini methali hiyo yamtaka mlezi awe imara katika kukataza, hata kama mtoto atanuna na kulia, na wala haisemi kwamba uimara huo sharti uonyeshwe kwa fimbo. Uganda imetoa ushahidi kwamba nidhamu inaweza kujengwa kwa njia nyingine: shirika la Raising Voices la Kampala lilitayarisha mpango wa kuisaidia shule ijiwekee kanuni, tuzo na adhabu zisizoumiza kwa kuwashirikisha walimu na wanafunzi, na watafiti walipoupima katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zenye mpango huo walisema kuwa walipigwa au kuumizwa na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia, ikilinganishwa na karibu asilimia 49 katika shule zisizokuwa nao. Upungufu huo ni mkubwa, ijapokuwa idadi iliyobaki yaonyesha kwamba mazoea hayaondoki kwa semina moja.

Dhuluma ya kingono ndiyo inayofichwa zaidi, kwa kuwa mtoto huogopa kutoaminiwa na jamaa huogopa aibu, hata mara nyingine mambo yakamalizwa chini kwa chini baina ya wazee. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumfanyia mwanafunzi kosa la aina hiyo, na waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari za dhuluma hiyo aripoti ndani ya saa 24, akijua kwamba kunyamaza au kuficha ni kosa la kinidhamu. Ipo pia simu ya bure ya watoto, nambari 116, ambayo mtoto au mtu mzima anaweza kuipiga. Mwanafunzi wa bweni asiyekuwa na simu, hata hivyo, huhitaji mtu wa karibu, kwa hiyo shule yapaswa kuteua walimu wasiopungua wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojulikana na wanafunzi wote kuwa ndio wa kupokea malalamiko, na kueleza wazi ni hatua gani zitafuata mtoto akisema.

Njia ya majini na amani ya bara

Katika sehemu nyingi za Kenya usalama wa njia ya shule humaanisha barabara na matatu, ilhali katika Lamu humaanisha bandari, mashua na boti. Wanafunzi wanaotoka Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Kiunga kwenda kusoma mji wa Lamu husafiri kwa kufuata maji kujaa na maji kupwa, na katika miezi ya upepo wa kusi bahari huchafuka kiasi kwamba kufungwa na kufunguliwa kwa shule kwapasa kupangwa kwa kuzingatia nahodha na hali ya hewa, pamoja na kalenda ya wizara. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtoto, idadi ya abiria isiyozidi uwezo wa chombo, orodha ya majina inayobaki nchi kavu, na mafunzo ya kuogelea kwa wasichana na wavulana, ni vitu vinavyostahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya shule salama sawasawa na ukuta na mlinzi.

Upande wa bara hatari imekuwa ya namna nyingine. Shambulio la mji wa Mpeketoni la Juni 2014 liliua zaidi ya watu 60, na mashambulizi ya kundi la al-Shabaab katika msitu wa Boni, pamoja na operesheni ya kijeshi ya Linda Boni iliyoanza Septemba 2015, yalizifunga kwa muda mrefu shule za msingi za vijiji vya Waaweer, jamii ndogo ambayo zamani iliishi kwa uwindaji na asali. Mtoto aliyekosa miaka ya shule ya msingi hawezi kuonekana sekondari, na kwa hiyo shule ya sekondari ya Lamu inayotaka kuitwa jumuishi inalazimika kuuliza ni nani hawakufika langoni mwake, na kuwawekea waliochelewa masomo ya kuwasaidia, nafasi za bweni na basari, yaani msaada wa karo kwa wasiojiweza. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizounga mkono Azimio la Shule Salama lililopitishwa Oslo mwaka 2015, ambalo huzitaka serikali zizilinde shule wakati wa vita na kuhakikisha kwamba masomo yanaendelea.

Nani anapokewa, na kwa masharti gani

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inayolingana na maslahi yake, na kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole na wasioona. Katika mji ambao vichochoro vina ngazi na sakafu zinapishana kimo, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji huruma kama anavyohitaji njia ya mteremko, madarasa ya ghorofa ya chini, choo chenye mlango mpana na nafasi ya kugeuka, na kitanda karibu na mlango wa bweni. Mteremko huohuo humfaa aliyevunjika mguu kwa muda na mpishi anayesukuma mzigo, na wakati wa moto huwafaa wote, kwa kuwa mahali pasipokuwa na ngazi ya kujikwaa watu hutoka kwa haraka zaidi.

Kwa wasichana, ujumuishi huanzia chooni. Mwongozo wa wizara unataka vyoo vinne kwa wanafunzi 30 wa kwanza, na idadi iongezeke kadiri shule inavyokua, wakati marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliipa serikali wajibu wa kumpatia sodo za bure kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Kisima kikiwa na maji ya chumvi au kikikauka, sodo peke yake haitoshi, maana msichana asiyekuwa na maji ya kujisafisha na mlango unaofungika atabaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Msichana aliyepata mimba naye hafukuzwi, kwani mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unamruhusu kuendelea na masomo na kurudi baada ya kujifungua; Zanzibar iliruhusu kurudi huko tangu mwaka 2010, na Tanzania Bara ikaondoa katazo lake Novemba 2021. Kuhusu ndoa za mapema, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, ingawa shule yenye bweni linaloaminiwa na wazazi huenda ikawalinda wasichana wengi zaidi kuliko hukumu inayokuja baada ya harusi.

Dini nayo imo. Kesi iliyoanzia shule moja ya sekondari ya Isiolo kuhusu hijabu ilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 iliwaunga mkono wasichana wa Kiislamu, kisha mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo kwa misingi ya utaratibu wa kesi, na kushauri kwamba suala la sare lizungumzwe kati ya shule na wazazi na kuwekewa kanuni. Katika Lamu, ambako Waislamu wengi wa mji na visiwa husoma pamoja na watoto wa Kikristo wa Mpeketoni na Witu, mazungumzo ya namna hiyo yanahusu pande zote mbili: jinsi Mwislamu atakavyosali adhuhuri na kufunga Ramadhani, na jinsi Mkristo atakavyopata nafasi ya ibada yake na chakula mwezi huohuo.

Sauti kabla ya moshi

Mwanaanthropolojia Elizabeth Cooper, katika kitabu chake Burning Ambition cha mwaka 2022, alichunguza kwa nini wanafunzi wa Kenya huchoma shule zao, na akaonyesha kwamba wengi wao huona moto kuwa ndiyo njia ya pekee ya kuwalazimisha wakubwa wasikilize. Maelezo hayo hayahalalishi uhalifu unaoweza kuua, lakini yanahamisha sehemu ya kinga kutoka kwenye mtungi wa kuzimia moto hadi kwenye kikao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 tayari imeweka mahali pa kukaa: katika bodi ya usimamizi ya shule wamo wawakilishi sita wa wazazi, mwakilishi wa walimu, mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi.

Afrika Mashariki ina mfano wake wenyewe wa jinsi ya kuijaza nafasi hiyo. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na wenzake wa fani ya sanaa za maonyesho walianzisha mpango wa TUSEME, ambao uliwawezesha wasichana wa sekondari kuyachambua matatizo yao, kuyaigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha kukubaliana hatua za kuchukua, na baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake Waafrika waelimishaji yenye makao yake Nairobi, iliueneza katika nchi nyingi za bara hili. Njia hiyo haina ugeni katika Lamu, mji unaojua kulumbana kwa ushairi na kukosoana kwa nyimbo bila ya kuvunjiana heshima.

Kwa hiyo mkazi wa Langoni hana haja ya kungoja sheria mpya. Mzazi aliyemo katika bodi anaweza kuingia bwenini na futi ya kupimia, akausukuma mlango aone unafungukia wapi, akauliza ufunguo wa usiku uko kwa nani na nakala yake iko wapi. Anaweza kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amtajie mwalimu anayepokea malalamiko. Anaweza kutaka orodha ya watoto walioacha shule mwaka huo pamoja na sababu zao. Na anaweza kumwacha mwanafunzi mwenye ulemavu awatangulie wageni kutoka darasani hadi chooni. Majibu ya ukaguzi huo yakiandikwa na kusomwa tena muhula unaofuata mbele ya wazazi wote, shule itakuwa na kipimo ambacho wazazi wenyewe wanaweza kukithibitisha, na haki ambazo Kenya imekwisha kumwandikia mtoto zitakuwa zimepata mtu wa kuzidai karibu naye.